Nkambo akivunjika nyonga: kazi inaanza siku ya kutoka hospitali



Ukurasa huu umezoea kusema juu ya kofia, viatu vya kazi, miwani, na mawe yanayoanguka kutoka juu. Leo tunatoka shimoni, tunaingia katika lupango. Kuna ajali moja ambayo mkuu wa usalama haiandiki katika kitabu chake, lakini inaharibu nyumba nyingi: mzee ameamka usiku kwenda choo, ameteleza, ameanguka kwa ubavu.

Tuseme ni mama yako mzazi, yule ambaye watoto wako wanamwita nkambo. Ni saa nane ya usiku, umeme umekatika, mvua imelowesha simenti ya baraza. Mmesikia kishindo. Mmemkuta chini, anashika kiuno, hawezi kusimama. Mnambeba hadi kitandani. Asubuhi wewe unakwenda kazi, bibi yako anapasha maji ya moto, jirani analeta mafuta ya kumkanda. Siku tatu zinapita. Siku ya nne mnaanza kuulizana kama afadhali kumpeleka hospitali.

Siku hizo tatu ndizo tunazotaka kusema nawe kwanza.

Angalia mguu wake. Kama mguu wa upande alioanguka umekuwa mfupi kuliko mwingine, na kidole kikubwa kimegeuka kutazama nje, na hawezi kuinua kisigino kutoka kitandani, fahamu kwamba nyonga imevunjika. Nyonga ni pale paja linapokutana na kiuno. Usimkande. Usimvute mguu. Usimsimamishe ili "kujaribu". Weka mto katikati ya miguu, funga miguu miwili pamoja kwa kikwembe, mlaze juu ya ubao au mlango uliong'olewa, mumpeleke kwa motokari. Si nyuma ya pikipiki, hata kama mwenye pikipiki ni shemeji na hataki pesa.

Kuna wazee wengine ambao mfupa umevunjika lakini vipande vimeingiana. Hao mguu haugeuki, na wanaweza kutembea hatua chache kwa maumivu. Wanasema: "Nimeumia kidogo tu." Baada ya siku kadhaa vipande vinaachana, na ajali ndogo inakuwa kubwa. Mzee aliyeanguka na anayesikia maumivu mahali paja linapoanzia lazima apigwe picha ya radio, hata kama anatembea.

Mwaka 2020 wanganga wa nchi 17 walitangaza habari za wagonjwa 2,970 waliovunjika nyonga. Kundi moja walipasuliwa karibu saa 6 baada ya kujulikana kwamba wamevunjika, kundi jingine karibu saa 24. Hesabu ya waliokufa katika miezi mitatu haikutofautiana sana. Lakini wale wa saa 6 hawakuchanganyikiwa akili sana kama wengine, na walisimama mapema zaidi. Angalia vizuri: wao walilinganisha saa 6 na saa 24. Sisi tunapoteza siku nne kwa maji ya moto.

JUU YA NINI MFUPA HUU HAUSHIKANI?

Utasema: "Mwaka ule mimi nilivunjika mkono kazini, walinifunga plasta, mfupa ulishikana. Juu ya nini nkambo apasuliwe?"

Mfupa wa paja juu una kichwa cha mviringo. Kichwa hiki kinacheza ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno, kama mchi katika kinu. Chini ya kichwa kuna shingo nyembamba. Damu ya kulisha kichwa inapanda hasa kwa mishipa midogo inayopita juu ya shingo hiyo. Shingo ikivunjika na vipande vikiachana, mishipa inakatika. Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi utaelewa upesi: ni kama njia imeporomoka na bomba la hewa limekatwa, watu wako ng'ambo ya pili. Kichwa cha mfupa kinabaki ndani ya kikombe bila chakula. Unaweza kukishika kwa misumari, na kwa kijana wanganga wanajaribu hivyo, lakini kwa mzee mara nyingi hakishikani, au kinakufa polepole na kubomoka.

Kwa sababu hiyo munganga anakitoa. Mahali pake anaweka kichwa cha chuma chenye mguu mrefu, na mguu huo unaingizwa ndani ya tundu la mfupa wa paja. Kikombe cha mgonjwa mwenyewe kinaachwa. Ndiyo maana wanasema ni nusu nyonga: nusu ni chuma, nusu ni mfupa wa mtu.

Kama mfupa umevunjika chini zaidi ya shingo, mambo ni mengine. Pale kuna damu nyingi, mfupa unaweza kushikana, na munganga anaweka chuma cha kuushikilia tu. Kwa hiyo usishangae kama mzee wa jirani alipata kazi nyingine kuliko ya mama yako.

Chuma hiki kina habari inayotugusa sisi watu wa Katanga. Mwaka 1940, huko Marekani, wanganga wawili, Austin Moore na Harold Bohlman, walimwekea mtu sehemu ya juu ya mfupa wa paja iliyotengenezwa kwa chuma. Mtu huyo hakuwa mzee aliyeanguka. Uvimbe ulikuwa umekula mfupa wake. Miaka ya 1950 Moore alitengeneza chuma chenye matundu katika mguu wake ili mfupa uote ndani yake, na chuma cha namna hiyo bado kinatumiwa katika nchi kadhaa. Sasa, kile cha 1940 kilikuwa cha nini? Kilikuwa cha mchanganyiko unaoitwa Vitallium, na zaidi ya nusu yake ni kobalti. Ndiyo, kobalti, ile ambayo baba zetu waliitoa Likasi na Kolwezi, ikasafishwa Shituru na Luilu. Mchanganyiko huo haushiki kutu ndani ya mwili na haulainiki. Siku hizi kuna nyonga za chuma cha pua na za titani pia, lakini vichwa vingi vya nyonga bado ni vya kobalti. Hakuna anayeweza kukuambia kobalti ya kichwa fulani ilitoka shimo gani. Lakini mtoto akikuuliza kazi ya baba inasaidia nini, hapo una jibu moja.

HESABU BILA KUFICHA

Watu wengi wanauliza kwanza: "Chuma kitadumu miaka mingapi?" Ni swali zuri, lakini si la kwanza. Kwa mzee, mara nyingi chuma kinadumu kuliko yeye.

Hata katika nchi tajiri zenye hospitali kubwa, kati ya wazee 100 waliovunjika nyonga, 20 hadi 30 wanakufa kabla ya mwaka mmoja kwisha. Tunaandika jambo hili waziwazi kwa sababu familia nyingi hazikuambiwa, na mzee akifa mwezi wa tano wanaanza kumlaumu munganga, au, vibaya zaidi, kutafuta ndani ya lupango ni nani aliyemloga. Mara nyingi hakuuawa na chuma. Alikuwa na moyo mchovu au sukari kabla ya kuanguka. Au alilala chali majuma mengi, mapafu yakajaa, vidonda vikatoboa mgongo, damu ikaganda katika mguu. Au aliacha kula. Katika mambo hayo kuna yasiyo mikononi mwenu, na kuna yaliyo mikononi mwenu kabisa.

Na wale wanaobaki? Karibu nusu tu wanarudi kutembea kama walivyotembea kabla ya ajali. Wengine wanahitaji fimbo siku zote, wengine hawatoki tena nje ya lupango peke yao. Aliyekuwa anakwenda soko kwa miguu yake ana nafasi nzuri zaidi kuliko aliyekuwa tayari anashika ukuta.

Kuhusu chuma chenyewe: mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa karibu 1,500 wa nchi 10, wote wenye miaka 50 na zaidi, waliokuwa wakitembea wenyewe kabla ya ajali. Wengine waliwekewa nyonga nzima, kichwa na kikombe, wengine nusu. Katika miaka miwili, waliohitaji kupasuliwa tena nyonga ileile walikuwa karibu 8 kati ya 100 katika kila kundi. Wenye nyonga nzima walisikia nafuu kidogo zaidi katika kutembea, lakini chuma kilichomoka kwao mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa "nusu inatosha" kwa mama mwenye miaka 80, usifikiri mmenyimwa kitu kwa sababu ninyi ni watu wa kampi. Kwa mtu mwenye miaka 62 ambaye bado analima na kupanda mlima, muulize munganga juu ya nyonga nzima.

Swali jingine la kuuliza kabla ya kupasua: chuma kitashikwa kwa simenti? Si simenti ya kujengea. Ni unga na maji ya dawa, vinachanganywa na kuwa vigumu kwa dakika chache, vinajaza nafasi kati ya chuma na mfupa. Huko Uingereza, mwaka 2022, walitangaza matokeo ya kulinganisha wagonjwa 1,225 wenye nusu nyonga. Kati ya 100 wasiowekewa simenti, karibu 2 walivunjika tena mfupa kandokando ya chuma. Kwa wenye simenti hawakufika 1. Tena wenye simenti walijisikia vizuri zaidi. Lakini simenti inaweza kuchokoza moyo wakati wa kuiweka, kwa hiyo munganga anaangalia nguvu za mgonjwa. Yeye ndiye anayeamua. Wewe una haki ya kuuliza.

LUPANGO LAKO LIKO TAYARI?

Mara nyingi mgonjwa anaweza kukanyaga chini kesho yake. Wengi wetu tunakataa: "Muacheni apumzike, ni mzee." Tunafikiri tunamheshimu. Kumbe kumlaza ni kumdhuru. Anayelala naye hospitalini amsaidie kukaa, kisha kusimama, kisha hatua mbili hadi dirishani, kila siku, mara kadhaa. Akilia kwa maumivu, mwombe munganga au mwuguzi dawa ya maumivu kabla ya mazoezi, usiache mazoezi.

Akirudi nyumbani, hapo ndipo tunapokosea sana, kwa sababu nyumba zetu zimejengwa kwa watu wenye magoti mazuri. Miezi mitatu ya kwanza nyama zinazozunguka nyonga hazijashika. Mzee akikunja paja sana kuelekea tumbo, au akipishanisha miguu, kichwa cha chuma kinaweza kuchomoka ndani ya kikombe, hasa kama alipasuliwa kwa nyuma. Sasa fikiri siku ya mama wa nyumba: anachuchumaa kwa mbabula, anakaa juu ya kibao kifupi kuchagua sombe, anainama kufagia, analala juu ya mkeka. Kila kimoja cha hivyo ni hatari kwake.

Choo ndicho kikubwa kuliko vyote. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai. Chukua kiti cha mbao chenye nguvu na mikono ya kushika, toboa tundu katikati, kiweke juu ya shimo. Usiku weka ndoo chini yake, kiti kikae karibu na kitanda. Fundi wa mbao yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa siku moja. Kikae juu kiasi kwamba akikaa, magoti yasipite nyonga. Kitanda pia kiinuliwe kwa matofali mpaka kifike urefu huo. Alale na mto katikati ya miguu. Viatu avae vya kufunga kisigino, si kandambili zinazoteleza, na mjukuu amvalishe ili asiiname.

Je, ataruhusiwa lini kukaa chini? Muulizeni aliyempasua, kwa sababu inategemea njia aliyopitia kisu. Wengine masharti yao ni machache. Lakini mtu asimruhusu jirani kwa sababu tu ya kuona mama fulani alikaa chini mwezi wa pili na hakupata neno.

Fimbo inashikwa kwa mkono wa upande usiopasuliwa. Wengi wanashika upande wa ugonjwa, ni kosa. Akipanda ngazi, mguu mzima uende kwanza. Akishuka, mguu wa chuma na fimbo vitangulie.

Chakula: bukari peke yake haijengi mtu. Mzee aliyepasuliwa anahitaji nyama ya mwili irudi, na nyama inatoka katika maharagwe, mayai, karanga, samaki. Ndakala wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni dawa nzuri na bei yao si kubwa. Gawa chakula mara nne au tano kwa siku, sahani ndogo. Baba mwenye nyumba, wewe unayepewa kipande kikubwa cha samaki kwa sababu ya kazi nzito, mwaka huu ukigawe. Na lutuku ikae mbali naye; wazee wengi walianguka mara ya kwanza kwa ajili yake.

MIAKA INAYOFUATA

Miaka miwili imepita, mama anatembea na fimbo yake, anakwenda kanisani. Sasa anaanza kusema kwamba anaumwa. Anaumwa wapi? Mwambie aonyeshe kwa kidole, kwa sababu mahali panasema mengi.

Akionyesha katikati ya paja, na maumivu yanakuja hasa akianza kutembea kutoka kitini, huenda mguu wa chuma umelegea ndani ya mfupa. Hii inaonekana zaidi kwa vile vya zamani visivyo na simenti. Akionyesha mbele, pale paja linapoanzia, huenda kikombe kinalika. Ndani ya kikombe kuna gegedu, ile nyama nyeupe na ngumu unayoiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Chuma kinaisugua kila hatua. Kwa mzee anayetembea kidogo inachukua miaka mingi, na wengi hawafiki huko. Kwa mwenye nguvu inakwisha mapema. Hata hivyo kuna njia: munganga anaweza kumwekea kikombe pia, ikawa nyonga nzima. Ni kazi kubwa kuliko ya kwanza, na si kila hospitali inaifanya, kwa hiyo mwende kuonyesha mapema, akiwa bado na nguvu za kupasuliwa.

Maumivu ya ghafla na mguu umekuwa mfupi: kimechomoka, au mfupa umevunjika kando yake. Hospitali siku hiyohiyo. Kidonda kinatoa maji, au nyonga ina joto na mzee ana homa: usaha unaweza kuwa umeingia kwenye chuma. Usinunue vidonge sokoni na kungojea. Usaha uliokaa juu ya chuma vidonge peke yake haviufikii.

Tena kuna mguu wa pili. Mfupa uliovunjika kwa kuanguka tu kutoka wima ni mfupa uliokwisha kuliwa, kama ubao ulioingiliwa na mchwa. Nje unaonekana mzima. Kwa hiyo nyonga ya upande wa pili nayo iko hatarini, na wazee wengi wamerudi hospitali kwa ajili yake. Kuna dawa za kutia mifupa nguvu, uliza. Mpeleke apimwe macho, kwa sababu mwenye mtoto wa jicho haoni ngazi. Onyesha vidonge vyote anavyokunywa, hasa vya usingizi na vya damu kupanda. Vingine vinamfanya aone kizunguzungu akiamka. Na tochi ikae chini ya mto wake kila usiku, yenye betri. Mjukuu anayeichukua kwenda kucheza nayo aadhibiwe.

Angalieni mpira wa mwisho wa fimbo. Ukilika, fimbo inateleza juu ya simenti iliyolowa kama kiatu cha zamani. Kipande cha tairi la ndani kikifungwa vizuri kwa waya kinasaidia mpaka mpate mwingine.

Mwisho, karatasi. Siku ya kutoka hospitali omba iandikwe aina ya chuma, kipimo chake, kama kina simenti, na tarehe. Zitie pamoja na picha za radio katika bahasha moja, uzitundike ukutani ambapo panya hawafiki; si chini ya godoro, zitakunjika. Munganga atakayemwona baada ya miaka sita huenda si yule aliyempasua, na bila karatasi hiyo hatajua ni chombo gani cha kuagiza.